Kuhama Windows 10 kwenda Linux Mint bila kukwamisha kazi: mwongozo kamili

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa masasisho ya bure ya usalama kwa Windows 10. Kompyuta hazikuzimika siku hiyo. Zinawaka, zinafungua faili, zinapiga muziki kama kawaida. Kilichokatika ni matengenezo. Tundu la usalama likigunduliwa sasa halizibwi, isipokuwa kwa aliyejiandikisha kwenye nyongeza ya mwaka mmoja, ambayo kwa watumiaji binafsi inafika Oktoba 2026.

Windows 11 nayo ina masharti yake: TPM 2.0 (chipu ya usalama), Secure Boot (kinga inayohakiki mfumo wakati wa kuwaka) na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda mbele. Sasa tazama meza za wauza mashine za mtumba pale Kariakoo au Luthuli Avenue. HP EliteBook 840 G3, kizazi cha sita. 840 G4, kizazi cha saba. ThinkPad T470, cha sita au cha saba. Ni mashine imara, zina kibodi nzuri, RAM yake inaongezeka, na zote zimefungiwa mlango. Fundi anaweza kukupigia Windows 11 kwa njia za panya na ikawaka vizuri tu, lakini Microsoft haijakuahidi lolote kwenye mashine ya namna hiyo, na sasisho lolote kubwa linaweza kukukatalia.

Ndiyo maana Linux (mfumo endeshi wa bure unaokaa mahali pa Windows), iliyokuwa ikisemwa kuwa ni ya mafundi peke yao, imeanza kuulizwa na walimu, makarani na wenye maduka. Kwa hesabu za StatCounter, kampuni inayopima matumizi ya mtandao, Februari 2024 ilivuka asilimia 4 ya kompyuta za mezani na mpakato duniani, na Juni 2025 ikavuka asilimia 5 nchini Marekani. Oktoba 2025 ilipita asilimia 3 ya wachezaji wa Steam, duka la michezo ya kompyuta, kwa mara ya kwanza. Zorin OS, Linux iliyopambwa ifanane na Windows, ilitoa toleo lake la 18 siku ileile Windows 10 ilipofikia ukomo. Haikuwa bahati mbaya. Ujerumani, jimbo la Schleswig-Holstein lilitangaza Aprili 2024 kwamba litaondoa Microsoft Office na baadaye Windows kwenye kompyuta zipatazo 30,000 za watumishi wake.

Lakini mfano wa kuiga nautoa Ufaransa. Gendarmerie, jeshi lao la polisi, halikuamka siku moja na kufuta Windows. Mwaka 2005 waliingiza OpenOffice, programu ya ofisi ya bure, badala ya Office. Mwaka 2006 wakaleta Firefox na Thunderbird. Mfumo endeshi wenyewe waliubadili kuanzia 2008, walipohamia Ubuntu, mojawapo ya aina za Linux, na leo makumi ya maelfu ya kompyuta zao yanaendeshwa hivyo. Yaani programu kwanza, mfumo baadaye. Mtu anapofika kwenye Linux anakuta kila anachobofya anakijua tayari. Jiji la Munich, lililoanza safari yake 2003, lilipiga kura 2017 kurudi Windows, na hadi leo watu wanabishana kama tatizo lilikuwa kompyuta au siasa.

Utaratibu huo wa Wafaransa ndio nitakaoufuata hapa, kwa mtu mwenye mashine moja na kazi ambazo haziwezi kusimama. Nimechagua Linux Mint. Ni bure, menyu yake ipo chini kushoto kama ulivyozoea, na familia ya toleo la 22, iliyojengwa juu ya Ubuntu 24.04, itapata masasisho hadi 2029. Anayependa Ubuntu, Fedora au Zorin hatakosea. Hatua nyingi ni zilezile.

Hatua ya 1: Andika kazi zako kwenye karatasi

Kabla ya kupakua chochote, andika kila unachofanya na kompyuta kwa mwezi mzima: barua, hesabu za duka, ritani za kodi, masomo ya mtandaoni, kadi za mwaliko, kuhariri video, kuchapa. Mbele ya kila kazi taja programu inayoifanya. Kisha zigawe mara tatu.

Kundi la kwanza ni kazi za ndani ya kivinjari. Barua pepe, WhatsApp Web, Canva, mifumo ya serikali, benki ya mtandaoni, YouTube. Hizi hazijui wala hazijali uko kwenye mfumo gani. Firefox imo ndani ya Mint tayari, na Chrome ina toleo lake la Linux. Watu wengi wakimaliza orodha wanashangaa kundi hili lilivyo refu.

Kundi la pili ni programu zenye mbadala au zenye toleo la Linux. VLC, Audacity, Telegram, Zoom na AnyDesk zipo kwa majina yaleyale. Badala ya Office kuna LibreOffice, badala ya Photoshop kuna GIMP, michoro ya vekta inafanywa na Inkscape, video zinahaririwa na Kdenlive, na DJ anaweza kujaribu Mixxx. Microsoft Teams haina tena programu rasmi ya Linux. Itumie kupitia kivinjari.

Kundi la tatu ndilo la kulitazama kwa makini, maana hapo ndipo watu wanapoumia. Photoshop na ndugu zake wa Adobe, CorelDRAW, AutoCAD, QuickBooks ya kwenye kompyuta: hakuna hata moja yenye toleo la Linux. Chuo chako kikitumia Safe Exam Browser kwenye mitihani, programu hiyo haina toleo la Linux. Michezo mingi ya Steam inacheza vizuri, lakini Valorant na matoleo mapya ya mpira ya EA yanakataa kwa sababu ya mifumo yake ya kuzuia udanganyifu.

Mwenye steshenari anayekula kwa kadi za harusi za CorelDRAW, ushauri wangu kwake ni mfupi: usihame. Inkscape inafungua baadhi ya faili za .cdr, lakini huwezi kumwambia bibi harusi kwamba maua ya kadi yake yamesogea kwa sababu umebadili mfumo. Baki Windows kwa kazi hiyo, au weka mifumo miwili kama nitakavyoeleza mbele. Na ukisikia habari za Wine, ile programu inayoendesha baadhi ya programu za Windows ndani ya Linux, ijaribu kwa vitu vidogo. Inafanya maajabu kweli, ila riziki usiitegemeze hapo.

Hatua ya 2: Badili programu ukiwa bado Windows

Pakua LibreOffice kwenye Windows yako ya sasa, iweke, na kwa wiki mbili tatu ifanyie kazi zako zote. Office usiifute. Iache pembeni, uiendee pale tu unapokwama, na kila ukikwama andika kwenye ile karatasi umekwama wapi.

Anza kwa kuirekebisha. Nenda "View", kisha "User Interface", uchague "Tabbed"; vitufe vitajipanga juu kwa vichupo, karibu na ulivyozoea kwenye Word. Halafu ingia "Tools", "Options", "Load/Save", "General", na uagize maandishi yahifadhiwe kama Word, yaani .docx, na majedwali kama Excel, yaani .xlsx. Ukiacha ilivyokuja, utamtumia bosi faili la .odt na atakupigia simu kuuliza ni kitu gani hiki.

LibreOffice yenyewe ilizaliwa 2010 kutoka OpenOffice, ileile ambayo mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliitoa kwa Kiswahili mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice. Kwa hiyo huku kwetu si mgeni sana.

Sasa fonti, kwa sababu malalamiko mengi ya "LibreOffice imeharibu kazi yangu" yanaanzia hapa. Tasnifu yako iliandikwa kwa Calibri. Calibri ni mali ya Microsoft na haiji na Linux. Programu isipoipata inaweka fonti nyingine, na kama herufi za fonti hiyo ni pana kidogo tu, mstari uliotosha jana leo haujatosha. Neno la mwisho linashuka chini, aya inarefuka, kichwa cha sura kinahamia ukurasa wa pili, na jedwali la yaliyomo linataja kurasa zisizo zake. Dawa ipo. Carlito ni fonti huria iliyochongwa ili kila herufi iwe na upana uleule wa Calibri, na Caladea ni hivyohivyo kwa Cambria. Liberation Serif na Liberation Sans zinasimama badala ya Times New Roman na Arial. Zikiwepo, mistari inakatika palepale ilipokuwa ikikatika. Kinachosumbua ni Aptos, fonti ya kawaida ya matoleo mapya ya Office. Ukipokea hati yenye Aptos, au ukiwa na zako mwenyewe, ibadilishe kuwa Calibri au Times New Roman kabla ya kuhama.

Kwa Excel, hesabu za kawaida, chati na jedwali egemeo vinakubali. Makro, zile amri zilizoandikwa ndani ya faili, zinakubali kwa kubahatisha: nyepesi zinatembea, nzito zinagoma. Power Query haipo kabisa. Kama fomu ya kodi au kitabu cha mishahara cha ofisi kina makro, kifungue ndani ya LibreOffice wiki hii, ukijaze mpaka mwisho, ubofye kila kitufe. Jibu utakalopata hapo ndilo litakalokuambia kama mashine yako inaweza kuhama moja kwa moja au la.

Kitu cha mwisho kabla ya kumtumia mtu hati ambayo hatakiwi kuihariri: itoe kwa PDF. CV, barua ya maombi, ankara, zote PDF.

Hatua ya 3: Nakala, na mlango wa kurudia

Nakili faili zako kwenye diski ya nje, kisha nakala ya pili mahali pengine. Usiishie "Documents" na "Desktop". Angalia "Downloads", alamisho na nywila za kivinjari, na faili la .pst kama unatumia Outlook.

OneDrive ina mtego wake. Faili lenye alama ya wingu pembeni linaonekana kwenye folda, lina jina na ukubwa, lakini halimo ndani ya mashine. Limebaki kwenye seva. Bofya kulia folda nzima, chagua "Always keep on this device", usubiri alama zote zigeuke kuwa tiki za kijani, ndipo unakili.

Kagua pia kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows inayosimba diski. Fungua Command Prompt kama msimamizi, uandike:

manage-bde -status

Ikionyesha kwamba ulinzi umewashwa na unapanga kubaki na Windows, chukua ufunguo wa kurejesha kutoka akaunti yako ya Microsoft na uuandike mahali salama. Watu wamefungiwa nje ya faili zao kwa kugusa tu mipangilio ya BIOS, ile menyu ya mashine yenyewe kabla mfumo haujawaka.

Mlango wa kurudia ulio bora kuliko yote ni bisibisi. Kama mfuko unaruhusu, nunua SSD (diski ya kisasa isiyozunguka) nyingine, toa diski ya zamani yenye Windows yako, ifunge kwenye bahasha, uiweke kabatini. Linux isakinishe kwenye SSD mpya. Ukikwama wiki ya pili, unarudisha diski ya zamani na unaendelea pale ulipoishia, hakuna hata faili moja lililoguswa. EliteBook 840 G3 ina nafasi mbili, ya M.2 na ya inchi 2.5, kwa hiyo hapo unaweza hata kuziweka zote. Na kama mashine yako bado inatumia diski ya kuzunguka, SSD utaihitaji tu. Hakuna mfumo endeshi unaoweza kuficha uzito wa diski ile.

Asiye na uwezo wa kununua diski asihofu sana. Leseni ya Windows 10 kwenye mashine nyingi imefungamanishwa na mashine yenyewe, hivyo ukiiweka upya inajitambua ikipata intaneti.

Hatua ya 4: Pakua Mint, tengeneza flashi

Ingia tovuti ya Linux Mint. Utaona matoleo matatu: Cinnamon, MATE na Xfce. Mashine yenye RAM ya GB 8, chukua Cinnamon. Yenye GB 4 au pungufu, chukua Xfce. MATE iko katikati, na sijaona sababu ya anayeanza kuhangaika nayo. Lakini kumbuka RAM inayoliwa na vichupo 30 vya kivinjari hailipwi na mfumo mwepesi.

Faili ni la ISO, yaani nakala ya mfumo mzima ndani ya faili moja, karibu GB 3. Kwa anayetumia bando, chukua kwa torenti usiku: ikikatika inaendelea ilipoishia. Likishafika, lihakiki. Ndani ya Command Prompt, kwenye folda lilipo:

certutil -hashfile jina-la-faili.iso SHA256

Linganisha mlolongo utakaotoka na ule ulioko kwenye tovuti. Ukitofautiana hata herufi moja, faili limeharibika njiani, lipakue tena. Wengi wanaruka kipande hiki, halafu wanapoteza jioni nzima wakilaumu kompyuta.

Tafuta flashi ya GB 8 ambayo huna haja na vilivyomo, maana vyote vitafutika. Pakua Rufus, programu ya kuandika ISO kwenye flashi, chagua flashi yako, chagua ISO, acha mengine yalivyo, bonyeza "Start", na ikiuliza namna ya kuandika chagua ile iliyopendekezwa. Kukopi tu ISO kwenye flashi kama unavyokopi faili lolote hakufanyi kazi.

Hatua ya 5: Endesha Mint kutoka kwenye flashi

Zima mashine, chomeka flashi, washa huku ukigonga kitufe cha kuchagua pa kuwakia. HP ni F9, Dell na Lenovo ni F12, Asus nyingi ni Esc au F8. Chagua flashi. Baada ya muda kidogo utaona meza kamili ya Mint, na diski yako haijaguswa.

Ikikukatalia kwa ujumbe wa uhakiki wa Secure Boot, ingia BIOS, uizime, ujaribu tena. Skrini ikibaki nyeusi, hasa kwenye mashine zenye kadi ya Nvidia, rudi kwenye menyu ya mwanzo, uchague "compatibility mode".

Hapa usiwe na haraka. Unganisha Wi-Fi. Piga wimbo. Fungua kamera. Ongeza na punguza mwanga kwa vitufe vya kibodi. Funga kifuniko, ngoja kidogo, fungua: imeamka? Chomeka projekta au runinga kwa HDMI. Unganisha simu kwa Bluetooth. Chomeka printa, uchape ukurasa. Kisoma alama za vidole ndicho kinachokosekana mara kwa mara. Amua kama unaweza kuishi bila hicho.

Wi-Fi isipoonekana, usikate tamaa. Chukua simu ya Android, iunganishe kwa waya wa USB, washa "USB tethering" kwenye simu, na Mint itaitambua kama mtandao wa waya papo hapo. Ukishakuwa na intaneti, fungua "Driver Manager", ambayo mara nyingi inaitambua kadi, Broadcom hasa, na kukupa draiva yake. Modemu za USB za mitandao ya simu nazo nyingi zinakubali. Chomeka, chagua nchi na kampuni ya simu, basi.

Diski yako ikiwa haionekani kabisa, ingia BIOS utazame mpangilio wa SATA au uhifadhi. Ikiwa kwenye "RAID" au "Intel RST", Linux mara nyingi haiioni mpaka ibadilishwe kuwa "AHCI". Mwenye kubaki na Windows kwenye diski hiyohiyo asibadilishe kabla ya kuandaa Windows kwa mabadiliko hayo, la sivyo haitawaka.

Hatua ya 6: Sakinisha

Juu ya meza kuna ikoni ya "Install Linux Mint". Ibofye mara mbili. Chagua lugha, kisha kibodi. Kibodi za mashine nyingi za mtumba ni za Kiingereza cha Marekani au Uingereza, na namna ya kujua ni kutazama kitufe cha 2: kikiwa na @ juu yake ni ya Marekani, kikiwa na alama za kunukuu ni ya Uingereza. Weka tiki kwenye "multimedia codecs", la sivyo video kadhaa zitagoma baadaye.

Swali linalofuata ndilo zito: Mint ikae wapi? "Erase disk" inafuta diski nzima. Hii ndiyo ya kuchagua kama kundi lako la tatu lilikuwa tupu au umeweka SSD mpya. Soma jina na ukubwa wa diski kwa sauti kabla ya kukubali, hasa kama diski ya nje ya nakala bado imechomekwa. Afadhali uichomoe.

"Install alongside" inaweka Mint pembeni ya Windows, na kila ukiwasha mashine utaulizwa unataka upi. Kabla ya kuifikia, ndani ya Windows punguza patisheni yake (kipande cha diski inachokalia) kwa "Disk Management" uache angalau GB 60 wazi, kisha zima usingizi wa Windows:

powercfg /h off

Amri hiyo inazima pia "Fast Startup". Bila hivyo Windows haizimiki kikamilifu, na Mint itafungua faili zako za Windows kwa kusoma tu, huwezi kuhifadhi kitu.

Kwa mashine inayotembea kwenye daladala na matatu, bofya "Advanced features" uchague usimbaji wa diski nzima, ukiwa unafuta diski. Ikiibwa, mwizi ameiba chuma. Ila nywila hiyo ukiisahau hakuna fundi wa kukufungulia, wala mimi.

Chagua Dar es Salaam au Nairobi kwenye ramani ya saa, andika jina lako na nywila, uache iendelee. Kwenye SSD hukai hata nusu saa.

Siku ya kwanza ndani ya Mint

Dirisha la kukaribisha lina sehemu ya "First Steps". Fanya mambo kwa mpangilio huu. Fungua "Update Manager". Itakuuliza kama utumie seva ya karibu, ukubali, nayo itapima ipi ina kasi. Masasisho ya kwanza yanaweza kufika mamia ya MB, kwa hiyo yafanye penye Wi-Fi, si kwa bando la siku. Kama unaishi kwa bando, ingia mipangilio ya "Update Manager" uzime kujikagua kwenyewe, uwe unakagua mwenyewe mara moja kwa wiki. Kisha "Driver Manager". Kisha "Firewall", ambayo huja ikiwa imezimwa. Mwisho washa "Timeshift": inatunza picha za mfumo, ili sasisho likiharibu kitu urudi jana yake. Haitunzi picha za watoto wala ripoti zako. Diski ya nakala bado ina kazi.

Programu zinachukuliwa kwenye "Software Manager", si kwa kutafuta .exe Google. Programu nyingi humo zina sura mbili: "System Package" na "Flatpak". Flatpak huwa mpya zaidi, lakini ya kwanza unayoweka inakuja na mizigo yake ya mamia ya MB. Mwenye bando achague "System Package" kila inapokuwepo.

Mwanzo mwema ni kufungua Terminali, dirisha la kuandikia amri, na kubandika mstari huu mmoja:

sudo apt install fonts-crosextra-carlito fonts-crosextra-caladea hunspell-sw

Umepata zile fonti za badala ya Calibri na Cambria, pamoja na kamusi ya tahajia ya Kiswahili ya LibreOffice. Itakuomba nywila, na herufi zake zitaonekana kama nyota. Andika tu, ubonyeze Enter.

Printa

HP nyingi zinajitambua zenyewe. LaserJet P1102 na wenzake wa rika lile wanahitaji kipande cha ziada cha kampuni. Andika hp-plugin kwenye Terminali ukiwa na intaneti, ukubali masharti. Epson za wino wa tangi, zile L3110 na L3150 zilizojaa kwenye steshenari, zinachapa kwa draiva iliyomo kwenye hazina ya Mint iitwayo printer-driver-escpr. Canon ndipo penye kazi. LBP6030 inataka draiva kutoka tovuti ya Canon yenyewe, na LBP2900, ile nyeupe ndogo isiyokufa, inatumia lugha ya zamani ya CAPT ambayo imewatoa watu jasho. Kama maisha yako yanategemea LBP2900, ijaribu kwanza, na uwe tayari kuiacha kwenye mashine ya Windows.

Flashi iliyotoka steshenari

Umepeleka flashi kuchapa, umerudi nayo, na kila folda imegeuka "shortcut". Kwenye Windows kubofya hapo ndiko kumwamsha mdudu. Kwenye Mint faili hizo zinaonekana jinsi zilivyo: vitu vidogo vyenye mwisho wa .lnk, pengine na .vbs au .exe pembeni, visivyo na nguvu yoyote. Folda zako halisi nazo zinaonekana, kwa sababu Linux kwa kawaida haiisikilizi alama ya kuficha ya Windows. Mara nyingine zimesukumwa ndani ya folda moja isiyo na jina, ifungue, utazikuta. Hamishia kazi zako kwenye mashine, futa takataka, na kama una muda iumbize flashi upya. Usisahau tu kwamba kutoumwa wewe si kutoambukiza wengine: .lnk ukiziacha humo, utampelekea jirani.

Kero ndogondogo

Mashine ikipata moto na feni kuvuma wakati wa YouTube, punguza ubora wa video kwanza kabla ya kutafuta tiba za ajabu. Betri ikiisha upesi kuliko zamani, weka TLP, programu ya kubana matumizi ya betri, kutoka "Software Manager", haihitaji mipangilio. Ukikuta ushauri wa amri ndefu inayoanza na sudo mahali usipopajua, isome neno kwa neno au iache, maana sudo ni kumkabidhi mtu funguo zote za nyumba.

Na kwa wenye mifumo miwili kuna hili la saa. Ukitoka Mint ukaingia Windows, saa itakuwa nyuma kwa saa tatu kamili. Mint inaiandikia saa ya ndani ya mashine majira ya UTC, Windows inaisoma kama saa ya hapa, na sisi wa Afrika Mashariki tuko saa tatu mbele ya UTC. Rudi Mint, fungua Terminali, andika:

timedatectl set-local-rtc 1

Ingia Windows, rekebisha saa mara hiyo moja. Haitahama tena.